Mlezi wa paka aliyeukatiza ukoo wa kadzonzo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mishomoroni, Kitsao Kadenge tayari amepiga magoti barazani. Mkono mmoja umeshika kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu, wa pili umekishika kidevu cha paka mweupe aliyenuna. Anamfuta machozi.

"Halii huyu, usimwonee huruma," anasema bila kuinua kichwa. "Ndivyo alivyoumbwa. Pua imeingia ndani, machozi hayana pa kupita, yanamwagika usoni. Ukikosa kumfuta siku mbili tatu, ngozi inaanza kuoza."

Paka mwenyewe ni Mwajemi. Mbegu yake inahusishwa na nchi ya Uajemi, lakini uso ule uliobonyea ni kazi ya wafugaji wa Ulaya, waliochagua wazazi wenye pua fupi kizazi baada ya kizazi. Manyoya marefu namna ile, na hapa ni Kisauni, mwezi wa pili, joto la kumtoa mtu shati! Kitsao humchana asubuhi na jioni, na mchana humwashia feni.

Kitsao ana miaka hamsini na saba. Ni mzaliwa wa Vitengeni, baba wa watoto watatu, na kwa miaka kumi na sita kazi yake imekuwa kulea paka wa mtu mwingine. Hulipwa shilingi elfu tisa na mia tano kwa mwezi. Mtoto mmoja wa paka wa Kiajemi huuzwa zaidi ya mara mbili ya hizo.

"Siku moja nilimwambia mke wangu, Sidi, heri ningezaliwa na manyoya," anasema. Hacheki.

Mwenye nyumba na mwenye paka ni Bi Mwanasaumu, mjane wa miaka sabini na nne, mtu wa ukoo wa zamani wa Mvita. Kitsao humwita Bi Mkubwa. Magoti yamemshika, kwa hivyo kutwa huwa amekaa sebuleni, tasbihi mkononi, akitoa amri kupitia dirishani.

"Kitsao! Wale wa Siam washakula?"

"Naam, Bi Mkubwa. Washakula na bado wanalalama."

Na kweli wanalalama. Paka wa Siam, asili yao nchi ambayo leo yaitwa Thailand, hawajui kunyamaza. Wakikosa maji husema, wakipata husema vilevile. Huzaliwa weupe kabisa, kisha masikio, pua, miguu na mkia hufanya weusi, kwa kuwa rangi yao hukolea zile sehemu za mwili zenye ubaridi. Wa kwetu hawafikii weusi wa kwenye picha. Joto la Mombasa haliwaruhusu.

Lakini si Waajemi wala Wasiam waliomleta mwandishi huyu Mishomoroni. Nyuma ya nyumba, chini ya karo la kufulia, wamelala paka wawili ambao mpita njia angewafukuza kwa kandambili akidhani ni wezi wa samaki. Wembamba, miguu mirefu, ya nyuma imezidi ya mbele hata wakitembea huonekana kama wananyatia. Ngozi yao ina mabaka ya kahawia na meusi yaliyozungukana, na manyoya ni mepesi, ya tabaka moja, ya watu wa joto.

Hao ndio kadzonzo. Ulimwenguni huitwa Sokoke, kwa jina la msitu wa Arabuko-Sokoke, na Wagiriama wa pembeni mwa msitu huo walikuwa wakiishi nao kabla mfugaji yeyote hajawaandika daftarini. Jina lao la Kigiriama, wazee huelezea, latokana na mabaka yale, yanayofanana na gome la mti. Miongo kadhaa iliyopita baadhi yao walipelekwa Ulaya, na leo wapo wanaotunzwa huko kwa vyeti vya nasaba. Huku walikotoka, wengi wamechanganyika na paka wa kawaida hadi hawatambulikani.

Jike anaitwa Dzuwa, ana miaka saba. Dume ni Mwaro. Asubuhi hii Dzuwa ana joto la kutaka dume. Anajiviringisha sakafuni, anapiga kelele za kukera, anamsugulia Mwaro ubavu. Mwaro anaamka, anamramba kichwa mara mbili, halafu anarudi kulala.

Kitsao anageuza uso.

"Wamenikatia mbegu yangu," Bi Mwanasaumu anasema kutoka dirishani, kwa hasira ambayo miaka mitatu haijaipunguza. "Wale watoto wa kujitolea. Waliingia kwangu sipo, wakamchukua Mwaro wangu wakamhasi kama paka wa sokoni. Na kiongozi wao ni yule Linda, niliyemkalisha hapa nikimfunza. Wallahi, sijamsamehe."

Linda ni msichana wa Bofu, Likoni. Alikuwa akivuka feri kila Jumamosi kuja kujifunza paka kwa bibi huyu, akiwa na ndoto ya kusomea afya ya mifugo. Kikundi chake kilikuwa kikipita mitaani kuchanja paka na kuwahasi wale wasio na wenyewe. Bi Mwanasaumu alipolalamika, Linda alikana. Lakini nani atamsikiliza binti wa miaka kumi na tisa mbele ya neno la mfanyakazi wa miaka mingi? Kikundi kilimtoa. Barua ya kumdhamini chuoni, aliyoahidiwa na bibi, haikuandikwa.

Daktari wa mifugo anayewatibu paka hawa, Elkana, anasema Dzuwa amebakiwa na mwaka mmoja hivi, labda miwili, wa kuzaa kwa salama. Katika mimba yake ya pekee alizaa watatu, na wote watatu walikufa kwa ugonjwa wa kuhara. Mwaro alikuwa akilala nao akiwapasha joto, tabia ambayo wafugaji huisifia kwa madume wa aina hii.

"Bila dume mwingine wa mbegu hiyo, hapa ndipo ukoo huu unaishia," anasema Elkana. "Kumleta mmoja kutoka ng'ambo ni gharama ambayo mama huyu hana."

Kitsao amekwenda vijijini pembeni mwa msitu mara nne kumtafuta dume huyo, kwa nauli yake na siku zake za mapumziko. Amerudi mikono mitupu mara zote nne. Ukimuuliza kinachomsukuma hivyo, mtu asiyelipwa hata nauli, huanza kukueleza habari za feni ya Mwajemi.

Ndivyo alivyofanya katika ziara zetu mbili za kwanza. Ziara ya tatu, akimkausha Mwajemi kwa taulo, alisema pole pole, macho kwenye taulo: "Hakuna aliyeingia humu. Mimi ndiye niliyempeleka Mwaro."

Ilikuwa siku ya chanjo ya bure, kwenye kiwanja cha shule mtaani. Bi Mwanasaumu alikuwa harusini Kibokoni. Aliacha amri kwamba Mwaro apelekwe akachanjwe, tena ndani ya tundu lake la waya lenye kadi ya jina. Kitsao hakulitaka tundu lile. Mara ya mwisho Mwaro kupelekwa kwa daktari kwa tundu, alitoroka siku ya pili yake akakutwa karibu na zahanati ya Elkana, safari nzima ameikariri.

"Kwetu, paka akitolewa nyumbani hutiwa guniani na mdomo ukafungwa, asione njia," anasema. "Baba alifanya hivyo, babu alifanya hivyo. Nikasema, Bi Mkubwa hajui paka wa msitu. Mimi ndiye nijuaye."

Akamtia guniani. Kiwanjani watu walikuwa wameleta paka wa sokoni na wa majalalani, nao pia kwenye magunia, wakayapanga chini ya ukuta wenye kivuli, paka wasubiri zamu ya kuhasiwa. Foleni ya chanjo ilikuwa ndefu. Kitsao akaliweka gunia lake kivulini, akaenda kunywa chai ya tangawizi ng'ambo ya barabara. Aliporudi, ukuta ulikuwa mtupu.

"Nilikimbia kwenye hema la kuhasia. Nilimkuta amelala kwa dawa, sikio limekatwa ncha. Ile ncha ni alama yao, ina maana amekwisha kuhasiwa. Masikini, hakuwa na kadi, hakuwa na jina. Wangejuaje? Linda hata hakuwa hema lile, alikuwa mezani anaandika majina."

Bibi aliporudi jioni na kuliona sikio, alipiga ukelele mmoja tu. Nani kafanya hivi? Kitsao anasema alikusudia kusema ukweli. Lakini watoto wawili walikuwa shuleni na mdogo alikuwa mgonjwa, na neno lililomtoka likawa, "Walikuja wale kina Linda, kabla sijampeleka." Hakuongeza. Hakuhitaji kuongeza, kwa sababu mengine yote bibi aliyajaza mwenyewe.

Kitu kama hiki hakiandikwi gazetini nyuma ya mgongo wa mtu. Mwandishi alimweleza hivyo. Kitsao alilikunja taulo.

"Andika," akasema. "Ila nisubiri nimwambie mwenyewe kwanza. Asije akasomewa."

Alichukua siku kumi na mbili. Tulishakata tamaa, ndipo akapiga simu akaomba tuje, kwa kuwa peke yake ulimi ulikuwa unamganda. Alivaa shati la kanisani. Alisimama mlangoni mwa sebule, hakukubali kukaa, akasema yote tangu gunia hadi chai ya tangawizi. Hakujitetea popote.

Bi Mwanasaumu hakupiga kelele. Aliiweka tasbihi juu ya mapaja, akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

"Miaka mitatu, Kitsao."

"Naam, Bi Mkubwa."

"Miaka mitatu namlaani mwana wa watu kila nikimaliza kuswali. Kwa jina lake na la mamake. Na wewe uko hapo nje unanisikia."

"Nakusikia, Bi Mkubwa."

"Hebu niambie sasa. Dua zile nitaziita vipi zirudi?"

Bibi alilia kidogo, kisha akajifuta kwa ncha ya leso. Aliuliza Linda yuko wapi siku hizi. Kitsao anajua, kumbe amekuwa akiulizia kimya kimya: anauza mitumba karibu na kwao Bofu, ana mtoto wa miezi minane, na chuo hakukwenda.

"Jumamosi tutakwenda," alisema bibi. Ni mtu ambaye hajavuka feri ya Likoni kwa miaka sita, kwa sababu ya magoti. "Utanishika mkono. Utasema mbele yake kama ulivyosema mbele yangu, na barua yake nitakuwa nimeiandika. Akiipokea, haya. Akitutemea mate, tutajifuta."

Kuhusu Dzuwa hakusema lolote. Kuhusu kazi ya Kitsao pia hakusema, na Kitsao hakuthubutu kuuliza.

Barazani, akiwa amemrudia yule Mwajemi na kitambaa chake, aliulizwa anatumaini nini. Angetaka apatikane dume, alisema, kuna mzee wa Dida, kijiji cha pembeni mwa msitu, aliyemtumia habari za mmoja, na angetaka kwenda kumwona kabla ya mvua za masika. Lakini hilo si la kwanza.

"Kunifukuza ni haki yake," alisema. "Naomba tu asinifukuze kabla ya Jumamosi. Kwenda kwa Linda peke yangu, siwezi."