Sarafu Ndani ya Ugali

Watu wanaosema bakshishi ni ukarimu hawajawahi kuipokea. Mimi nimeipokea miaka ya themanini yote na sehemu kubwa ya tisini, katika hoteli moja ya Kisumu karibu na ziwa, na nawaambia, mtoaji hutazama kwanza ni nani anayemtazama. Bwana mkubwa akija na mgeni kutoka Nairobi, anaacha noti. Akija peke yake kesho yake, meza ileile, samaki wa aina ileile, anaacha miiba. Sasa ule ukarimu ulikwenda wapi? Ulishikwa na malaria?

Niliingia kazi hiyo baada ya mume wangu kufariki na kuniachia binti mmoja. Tulikuwa na chumba Manyatta, na huko Asembo Bay kulikuwa na boma la mume wangu, ambako tulikwenda Krismasi na penye matanga. Mshahara wa hoteli uliishia kwa mwenye nyumba. Karo ya mtoto ilitoka mezani, katika kile ambacho watu waliona vyema kukiacha baada ya kushiba. Ndiyo maana niliwajua watu wa mji ule kwa sahani zao.

Kulikuwa na Mhindi mmoja mzee, muuza vitambaa, aliyekuja Jumapili na mke wake. Hakuacha pesa nyingi, lakini hakuacha pungufu hata siku moja, na aliniuliza mtoto anaendeleaje shuleni. Huyo sina neno naye. Kulikuwa na wazee wa kanisa waliokula wakashiba, wakaomba baraka, kisha wakaacha karatasi iliyokunjwa vizuri kama noti. Ukiikunjua, unasoma kwamba Yesu anakupenda. Najua ananipenda, jamani, lakini mhasibu wa shule haandiki risiti ya mapenzi! Na kulikuwa na mtalii mmoja aliyefungua kitabu chake mbele yangu, akasoma desturi ya huku inasema weita apewe kiasi gani, akatoa kiasi hichohicho, akafunga kitabu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na trei mkononi. Angeweza kuniuliza.

Mkubwa wetu wa maweita alikuwa na mafunzo yake. Ukipewa kitu, unapokea kwa mikono miwili, unakunja goti kidogo, unasema, "Asante, mkubwa." Hata kama ni sumni. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza kwa nini goti.

"Ni desturi ya kazi, mama," akasema. "Mwacha mila ni mtumwa."

"Na huyu anayekunja goti kwa sumni, yeye ni nani?"

Wiki hiyo nzima niliosha sufuria. Nikajifunza kukunja goti.

Basi, sasa niwaambie juu ya mtu mmoja. Alikuwa na duka la simenti na mabati upande wa Nyamasaria, mtu mwenye tumbo la kutangulia na pete kwenye kidole cha mwisho. Alikuja kila Ijumaa mchana na marafiki zake, akaagiza ngege, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga na ugali mkubwa. Akimaliza, aliacha makusudi kipande cha ugali kwenye sahani. Alitoa sarafu mfukoni, akaiweka juu ya kile kipande, akaididimiza kwa kidole gumba mpaka ikapotea, kisha akakizungusha kidole mara moja kufunika tundu. Halafu ananiita.

"Mama! Njoo utafute asante yako."

Na mimi nilitafuta. Nilikivunja kile kipande kwa vidole mbele yao, na mafuta ya samaki, na mate yao, mpaka nikaipata. Meza nzima ilicheka. Wengine walipiga meza. Kila Ijumaa mzaha uleule, na kila Ijumaa walicheka kana kwamba umezaliwa asubuhi ile. Nilimchukia mtu yule, nasema wazi, wala sijatubu. Lakini mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikuwa na mtoto wa kusomesha. Nilipolalamika kwa mkubwa wetu, alinipungia mkono. "Ni mteja. Kila mteja na desturi yake."

Yawa! Kwa hiyo upumbavu ukirudiwa kila Ijumaa unageuka desturi.

Ijumaa moja alikuja na kijana mwembamba aliyefunga tai. Akawaambia rafiki zake kwamba huyu ni mtoto wa marehemu kaka yake, yeye ndiye aliyemlea, sasa ni karani wa benki. Ilipofika zamu ya kidole gumba, wote walicheka isipokuwa yeye. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Msinielewe vibaya, sikumsifu. Nilimdharau kuliko wale wengine. Anayecheka angalau unajua yuko upande gani, lakini huyu alikuwa ameona, na akachagua kutazama viatu.

Wakati huo binti yangu alikuwa amemaliza chuo cha ualimu. Siku moja akanijia na habari kwamba kuna mtu anataka kumwoa. Nilifurahi. Sikuomba kumwona huyo mtu, kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe hawazoeani. Hawali pamoja, hawakai pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja hutafuta kichaka. Binti akaniambia tu ni mpole, anafanya kazi benki. Mabenki Kisumu yalikuwa mengi. Sikuwaza lolote.

Siku ya ayie ikapangwa. Ayie kwa Dholuo ni kusema nimekubali, na ndilo jina la pesa ambazo watu wa bwana harusi humpelekea mama wa msichana ili neno hilo litoke mdomoni mwake. Asipolitamka, hakuna ng'ombe atakayehesabiwa. Tulikwenda Asembo, tukapaka nyumba udongo upya, shemeji yangu, kaka wa mume wangu, akaalika wazee wa boma. Mimi nilikaa jikoni na wifi yangu, dada wa marehemu. Binti alikuwa humo humo na nguo yake mpya, anapanga vikombe huku anaimba. Tangu baba yake afe sikuwa nimemsikia akiimba hivyo.

Pikapu ikasimama nje. Nikachungulia dirishani. Kitu cha kwanza kushuka kilikuwa tumbo. Kisha pete. Kisha nyuma yake kijana mwembamba wa tai, anatazama viatu vyake.

Nikakalia gogo la kuni. Nilipomweleza wifi kwa sauti ya chini, alitaka kutoka na mwiko awafukuze kabla hawajaketi.

"Ngoja," nikamwambia. "Huyo msichana je?"

Tukamtazama. Alikuwa bado anaimba. Nikisema hapana, harusi inakufa siku hiyo mbele ya watu wote, na mwanangu analia maisha yake yote kwa sababu ya ugali wa hoteli. Nikisema ndiyo, nampeleka kwenye nyumba ambamo kile kidole gumba ndicho kinachokaa kwenye kiti cha baba. Mzee mwenyewe nilishamjua. Sikumjua kijana. Nilitaka kujua jambo moja tu: siku mambo yakiharibika mezani, mwanangu atakuwa na mume, au atakuwa na mtu wa kutazama viatu? Nikabandika sufuria ya maji motoni.

Sebuleni mzee wa simenti alikuwa anahutubia. Tulimsikia mpaka jikoni. Ati mama ni nguzo. Ati wao ni watu wa heshima, hawaji kununua mtu, wanakuja kumshukuru mama aliyelea. Ati mila ni mila, na mwenye kudharau mila za watu hana kwao. Wifi alikuwa anasonya mfululizo huku mimi nasonga ugali.

Nilipoitwa, wifi alitangulia na sahani ya ugali mdogo, mgumu, unaofuka moshi. Mimi nikafuata, nikaketi mkekani karibu na mlango, mbali na kijana, na sikuficha uso wangu. Yule mzee alinitazama, akatabasamu, akaniamkia kwa adabu. Hakunijua! Miaka yote ile nimemwekea samaki mbele yake na kumnawisha mikono, wala hakuwa ameuona uso wangu. Hapo hasira yangu ilitulia kabisa, ikawa baridi.

Wifi akaweka sahani mbele yake, akasimama na kushika kiuno.

"Wageni wetu, katika boma hili ayie hufunguliwa na sarafu. Mkubwa wa wageni huididimiza ndani ya ugali kwa kidole gumba, mpaka isionekane. Ndiyo mila yetu."

Mila hiyo ilikuwa na umri wa sufuria moja ya maji. Shemeji yangu, aliyezaliwa katika boma lile na hakuwahi kusikia kitu kama hicho, alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekumbuka mbali. Mzee mwingine akasema, "Kweli, kweli, ya zamani sana hiyo." Wanaume! Bora wafe kuliko wakiri kwamba kuna mila wasiyoijua.

Mgeni wetu naye akatoa sarafu mbio, akifurahi kuonyesha anavyoheshimu mila za watu. Akaiweka juu ya ugali. Akaididimiza. Kidole kikaungua kidogo, akavumilia. Sarafu ikapotea, na kidole, bila kuambiwa na mtu, kikazunguka mara moja kufunika tundu.

Hapo mkono ukasimama. Nilimwona anakitazama kidole chake. Kisha, polepole, akainua macho, akautazama uso wangu kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Sasa," nikasema, "nitafutie asante yangu."

Wazee wa pande zote mbili walidhani ni sehemu ya mila, wakangoja. Yeye hakudhani. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Akacheka kidogo, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye, hakupata. Kuvunja ugali wa moto kwa vidole mbele ya wakwe, mtu mzima wa hadhi yake, na mimi namwangalia! Mkuki kwa nguruwe mtamu. Akafunga mkono, akauweka gotini.

"Labda," akasema, "jambo hili tungelisogeza mbele. Tukalizungumze siku nyingine."

Siku nyingine maana yake ni kwamba hakuna siku. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Mlangoni pa jikoni binti yangu alikuwa amesimama, wimbo umekatika, kitambaa cha vikombe mkononi. Hakuwa anamtazama yule mzee. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama kijana, nami nikamtazama, mila itake isitake. Kijana alikuwa anatazama viatu.

Nikasema moyoni, basi, imekwisha.

Ndipo akainua kichwa. Uso umemwiva, lakini sauti ilisikika hadi uani.

"Baba, itoe. Mama anangoja."

Kwetu kijana haongei siku ile. Anasemewa. Kumwamuru aliyekulea mbele ya wakwe zako ni jambo la kutozwa faini, na mzee wao mmoja alikwisha kufungua mdomo amkemee. Lakini mwenye simenti alikuwa ameinamia sahani. Aliuvunja ule ugali kwa vidole vyake mwenyewe, anapuliza, anavunja, mpaka akaipata sarafu. Wifi akamletea maji. Akaiosha, akaisukuma kwangu kwa mikono miwili. Goti lilijikunja lenyewe, sikulidai.

"Ayie," nikasema. Vigelegele vikapasua paa.

Binti yangu aliolewa, na kijana yule hajamwaibisha mezani mpaka leo. Ile mila nayo haikurudi nyuma. Mwaka uliofuata nilihudhuria ayie ya jirani, nikaona mzee wao anadidimiza sarafu kwenye ugali kwa heshima kubwa, macho yamefumbwa. Nilimuuliza jambo hili lilianza lini. Akanikemea kwamba mila haiulizwi, ni ya mababu. Wifi na mimi tulitoka nje tukacheka hadi tukashika ukuta. Tangu siku hiyo mtu akiniambia tutoe hivi au tupokee hivi kwa sababu ndivyo inavyofanywa, namuuliza imefanywa na nani, na alikuwa amekasirikia nini.

Na yule mzee wa Nyamasaria? Ijumaa iliyofuata hakuja hotelini. Wala nyingine. Alimweleza mkubwa wetu kwamba sasa mimi ni mkwe wake, na kwa heshima ya ukwe hawezi kula mahali ninapoandaa. Mkubwa wetu alimsifu sana kwa kushika mila. Mzee alihamia hoteli nyingine, juu kidogo ya soko, na kila Ijumaa marafiki zake wanamfuata huko. Nimeambiwa bado wanacheka vilevile. Weita wa huko ni mjane pia, lakini watoto wake wote ni wavulana, hakuna atakayemletea ayie.