Tuliweka Wageni Pale Rezo Inashika

Watu walikuja kupima shida yetu ya rezo, ule mutandao wa simu. Tukawapikia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wakaenda kusema hatuna shida.

Musicheke. Ngoja niwaambie.

Mi ni Cyiza, naendesha moto, pikipiki ya kubeba watu, pale mujini Mbugangari. Dada yangu mukubwa, Verediane, mi namuita Yaya, anaishi huko juu kwenye kilima chetu na binti yake Nishimwe.

Huyu mutoto anasomea uuguzi. Mutihani wa mwisho unafanywa kwa intaneti. Ikikatika katikati, basi, unarudia mwaka.

Na kule juu rezo inashika fasi moja tu, kwenye uwanja wa jirani, muzee Habiyaremye. Tena kama hakuna mawingu. Mvua ikianza, inakufa.

Siku moja tukasikia watu wa mradi wanakuja. Wanatafuta fasi ya kusimamisha antene, intaneti ya bei ndogo, hata sisi tutaiweza. Lakini kwanza wanapima.

"Yaya, tuwapokee kwako," nilimwambia Verediane.

"We Cyiza, uko na akili kweli? Watu wa ofisi, simu zao zikose rezo kwangu? Tutawaweka kwa Habiyaremye."

Wote tukakubali. Mugeni haumutesi.

Donc, basi, tukabeba viti vya kanisa mpaka kule. Viazi, maharage, sambaza ya kukaanga. Anga ilikuwa safi, mulima Nyiragongo ulionekana wote.

Fundi wao, Joanita, akatoa mashine yake ya kupima palepale kwenye kiti, sahani iko kwenye magoti.

"Hapa rezo iko muzuri sana," akasema.

Tukapiga makofi. Yani sisi wenyewe.

Antene ikaenda kilima kingine.

Nikamupigia Joanita. "Mama, ulipima kwenye kiti cha wageni."

"Bon, sawa, tumeni malalamiko. Yanapita kwa intaneti."

"Mi niko mujini, nitatuma saa hii."

"Hapana. Atume mukaaji mwenyewe, akiwa nyumbani kwake."

Nilikata simu, nikapanda moto yangu.

Siku ya mutihani nilipanda kumuchukua Nishimwe nimulete mujini. Mvua ilikuwa imeangusha udongo, barabara imefungwa. Nikaacha moto, nikatembea. Nilikuwa namupigia njiani, hapatikani.

Nilimukuta uwanjani kwa Habiyaremye, na mwavuli, simu mukononi. Kile kiduara cha kungoja intaneti kilikuwa kinazunguka tu.

"Mujomba, imekatika kwenye swali la tatu."

Nilimushikia mwavuli. Sikuwa na kingine cha kufanya.

Jioni Verediane aliniketisha jikoni, akaongea polepole.

"Cyiza, niambie kweli. Wale wageni, sambaza ilikuwa na chumvi mingi? Ndiyo maana walitunyima?"

"Hapana, Yaya. Ilikuwa tamu."

Mpaka leo hakuna mutu amemwambia kwamba shida ilikuwa ile fasi ya viti, si chumvi. Mi siwezi.

Ndugu zangu, mugeni akija kuona shida yako, mukalishe ndani ya shida hiyo. Kiti kizuri utamupa siku ya kumuaga.