Mikanda Isiyobanduka

Mume wangu alikuwa fundi wa mikanda mjini Garissa, na gundi ilikuwa kazi yangu. Yeye alikata na kushona, mimi nikagandisha. Wachungaji hawakutaka mkanda wa ngozi moja, maana jasho na uzito wa kisu huulegeza upesi. Walitaka tabaka mbili, mgongo kwa mgongo. Basi nilikusanya mabaki ya ngozi, nikayaloweka, kisha nikayachemsha kwa moto mdogo mpaka yakawa uji mzito wenye rangi ya asali. Nilikwaruza upande wa nyama wa kila kipande ili gundi ipate pa kushika, nikapaka, nikabandika, nikagongagonga kwa nyundo, halafu nikalaza mawe juu yake.

Harufu ya sufuria ile ilikuwa mbaya. Lakini hata bila harufu watu wengi walikaa mbali nasi. Kwetu mafundi wa ngozi walidharauliwa. Mtu angevaa mkanda wako maisha yake yote na asikubali umwoe dada yake.

Kisha vikaja vita vya serikali na shifta, waasi wa upande wetu. Askari waliwakusanya wachungaji kutoka porini wakawaweka katika kijiji cha serikali kando ya mji, nyuma ya uzio wa miiba. Ngamia wengi walichukuliwa, wengine wakapigwa risasi. Waliotoka kijijini mchana walihitaji ruhusa, na jua likizama kila mtu alitakiwa awe ndani.

Asubuhi moja mwanamke mtu mzima alisimama mlangoni kwetu. Nilimjua kwa sura. Mume wake alikuwa na mifugo mingi upande wa Bura, na jina lake lilitajwa kwa heshima. Sasa mume amekufa kwa homa humo kijijini, mifugo haipo, na yeye amebaki na binti mmoja.

"Nasikia mnatafuta mtu wa kuchota maji," alisema.

"Eddo," nikamwita, kama tunavyomwita shangazi, "kazi yetu inanuka."

"Njaa nayo inanuka."

Akaanza siku hiyo hiyo. Alileta maji kutoka mtoni, na baada ya muda akashika mwiko. Alikuwa amepika samli tangu utotoni, kwa hiyo alijua moto. Gundi ikianza kuungua alinusa kabla yangu na kuvuta kuni nje. Hatukuzungumza sana. Chai yangu aliinywa kwa kikombe alichokuja nacho, na mimi nilijifanya sioni.

Mambo yakaharibika pale askari walipomkamata mtu kwenye njia ya Modogashe akiwa na mkanda wenye mfuko wa siri kati ya ngozi mbili. Sikujua kilichokuwamo, wala hawakutuambia. Walianza kuzunguka kwa mafundi wa mikanda, na gari lao likafika kwetu.

Askari mmoja alichukua mkanda uliokuwa tayari, akaingiza ncha ya singe pembeni ili atenganishe tabaka. Hazikuachana. Akaongeza nguvu, ngozi ikachanika, lakini pale palipogandishwa pakabaki vile vile. Akajaribu mwingine.

"Mnaficha nini humu mpaka mkaziba namna hii?"

Kiswahili cha mume wangu kilikuwa cha sokoni, na kila "p" ilimtoka kama "b". "Hakuna kitu, afande. Ni gundi tu. Bole bole, utajikata."

Askari akadhani anadhihakiwa. Walimtia mume wangu garini pamoja na gunia la mikanda yote tuliyokuwa nayo. Nilibaki nimesimama na brashi mkononi. Kazi tuliyojivunia, kwamba haibanduki, ndiyo iliyomfanya ashukiwe.

Siku zilizofuata nilishinda kwenye lango la kambi ya askari na chakula ambacho sikujua kama kilimfikia. Eddo aliomba ruhusa yake kama kawaida, lakini badala ya kwenda mtoni akaja kukaa nami chini, juani. Mwishowe ofisa akatuita. Alikuwa mtu wa bara, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na mikanda yetu iliyochanwa imelala mezani mbele yake. Mimi nilijua Kiswahili kwa sababu mama yangu alimpikia mfanyabiashara mmoja wa pwani. Eddo hakukijua, kwa hiyo nilimtafsiria.

"Mwambie," alisema Eddo, "mimi si ndugu wa fundi huyu. Watu wake na watu wangu hawaoani. Sikumpa binti yangu mtu kama yeye na sitampa."

Ofisa alikuwa akisubiri. Nikatafsiri neno kwa neno, uso ukiniwaka.

"Sasa kwa nini umekuja?" ofisa akauliza.

"Kwa sababu gundi hiyo nimeikoroga mimi. Mikanda hiyo niliibandika mimi na huyu mke wake. Fundi hushona tu pembeni. Kama kuna kitu ndani, mimi ndiye niliyekitia. Basi mwachilie, unifunge mimi."

Hapo nilimwambia kwa lugha yetu, "Eddo, usiseme hivyo, watakushika kweli."

"Tafsiri," akasema.

Nikatafsiri. Ofisa akaokota mkanda mmoja, akauvuta kwa vidole vyake mwenyewe pale uliposhikana. Akaurudisha mezani. "Nendeni nyumbani," akasema, na hatukujua ni jibu gani hilo.

Mume wangu aliachiliwa siku chache baadaye. Sijui kama ni kwa maneno yale au walikuwa wamechoka naye. Alirudi na vidole vya mkono wa kulia vimevimba, viwili havikukunjika tena. Usiku ule nilimkanda kwa maji ya moto mpaka akalala.

Tangu hapo tulikata na kushona sisi wanawake wawili, yeye akituelekeza akiwa ameketi. Kati ya mikanda iliyochanwa, iliyorudishwa pamoja naye, tulipata vipande vya kutengenezea hatamu za punda. Kuna siku Eddo alikata vibaya, mume wangu akamkaripia kama mwanafunzi, kisha akashtuka kwa aliyoyafanya. Eddo akainamisha kichwa na kukata upya.

Vita vilipopoa, uzio ukafunguliwa. Eddo aliondoka na binti yake na mbuzi wachache kurudi upande wa Bura. Asubuhi ya kuondoka alinishika mabega kwa nguvu, akaniombea dua, akapanda lori bila kugeuka nyuma.

Alifariki miaka mingi baadaye. Habari ililetwa na dereva aliyetumwa na binti yake, nami nikasafiri kwenda kutoa pole. Wanawake wa huko walinisogezea nafasi kwenye mkeka, na mmoja akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu.

"Tulifanya kazi pamoja," nikamwambia.

Binti yake akaja kukaa karibu yangu, na tukakaa hivyo mchana kutwa, tukipokea wageni.