Mti Ambao Msichana Hapandi

Nilipokuwa darasa la nne, kule kwetu juu ya mji wa Mikinduri, nilimwonea ndugu yangu Kirimi wivu mpaka tumbo likaniuma. Si wivu wa kunyang'anyana andazi. Huu ulikuwa wivu wa mtu mzima, wa kulala nao na kuamka nao. Na tusidanganyane, bado ninao. Umekua tu, umeenda university, umepata digrii, na sasa unakaa nyumbani bila kazi kama mimi.

Wivu ule ulianzia kwenye mti. Babu alikuwa na shamba la miraa, na katikati yake ulisimama mmoja mkubwa kuliko yote, aina tunayoiita mbaine, uliopandwa na babu yake yeye. Kirimi alikuwa na miaka tisa, mimi kumi. Aliupanda pekupeku kama tumbili, akachuma, akashuka na machipukizi kifuani, na babu akamwita "mwanaume wangu" mbele ya watu. Jioni Kirimi alirudi na babu kutoka sokoni, mandazi mfukoni. Mimi nilikuwa namba moja darasani, yeye namba ya thelathini na kitu. Nikimpelekea babu ripoti yangu, aliishika juu chini, akasema, "Sawa, sawa," kisha akauliza, "Kirimi yuko wapi?"

Mimi sikuruhusiwa hata kukanyaga kivuli cha mti ule. Kwetu msichana hapandi miraa. Akipanda, mti unakauka, na yeye mwenyewe anakauka: hazai, hastawi, kila anachoshika kinanyauka. Usifikiri yalikuwa maneno ya kutishia watoto. Wazee waliosoma Biblia kanisani Jumapili ndio hao hao walioyaamini Jumatatu.

"Wewe na vitabu vyako, huku huwezi kufika!" Kirimi aliniambia siku moja akiwa juu, akanitemea maganda kichwani.

Jumanne iliyofuata, watu wakiwa sokoni, nikapanda. Mchana kweupe, na gauni la shule. Nilifika mpaka tawi analokalia yeye, nikaona bati la kanisa likimetameta kule bondeni, nikavunja kilele kimoja na kutafuna. Chungu! Eti ni hiki ndicho kinamfanya mtu apendwe? Nikatema, nikateleza, nikashuka mapaja yamechanika.

Wiki tatu baadaye mti ulianza kukauka. Ulianzia juu, pale pale nilipovunja.

Babu aliuzunguka siku nzima. Jioni akasimama uani akasema mwanamke amepanda mti wake, na Jumamosi wazee watakuja kuapiza kwa mbuzi wake. Aliyefanya na akanyamaza, avimbe, afe. Mama na shangazi zangu wakaangaliana. Mimi nikaacha kula.

"Jumamosi mtu atavimba kama chura," Kirimi alisema akinichungulia usoni. "Tutaona."

Alhamisi nilikuwa nachambua maharagwe na nyanya, mke wa babu. Bila kuinua macho akaniuliza, "Kagendo, hayo makovu ya miguu ni ya paka?"

Nikalia. "Shosho, nitakufa?"

"Nani amesema?"

"Wazee."

"Wazee ni wengi, Mungu ni mmoja. Ulipanda kwa nini?"

"Kirimi ndiye anapendwa."

Akanisogezea ungo. "Hilo nalo tutamwambia Mungu," akasema. "Maliza maharagwe." Tangu saa ile hakutia chakula mdomoni mpaka Jumamosi.

Wazee walikuja watano asubuhi, wakaketi kwenye ukingo wa miraa, mbuzi amefungwa. Nyanya alitoka nyumbani na kitambaa chake cheupe cha kanisa kichwani, akanishika mkono, akaingia nami moja kwa moja mle ndani. Tangu aolewe pale hakuwa amewahi kukanyaga shamba lile.

"Mama Muriuki! Rudi!" babu alimfokea.

"Nimekuja kuongea na mwenye shamba."

"Mwenye shamba si huyu anakuita?" mzee mmoja akacheka.

Nyanya alinivuta mpaka kwenye mti. Aliweka kiganja kwenye shina la mbaine, kingine kichwani pangu. Alikuwa anaogopa kama mimi.

"Mwathani," alisema, Bwana Mungu kwa Kimeru chetu, "huyu mtoto ndiye alipanda. Alipanda kwa wivu, na huo wivu tumeulea sisi wenyewe. Hawa wazee siwawezi. Wewe unawaweza. Mti ni wako, mtoto ni wako. Lakini ikiwa lazima kimoja kikauke, kausha mti."

Hakuna aliyesema amina isipokuwa mbuzi.

Mwishowe yule mzee aliyecheka akaokota fimbo yake. "Laana ni ya mtu aliyejificha," akasema. "Huyu ametajwa. Sasa tumlaani nani?" Wakaondoka wakinung'unikia nyama waliyoikosa. Babu hakumsemesha nyanya mpaka mahindi yalipovunwa.

Na mti ukakauka, wote. Krismasi nyanya aliutumia kama kuni, akasema una moto mzuri.

Chuoni nilisomea kilimo. Siku lecturer alipofundisha magonjwa ya mizizi, jinsi mti mzee huanza kufa kutoka kileleni, nilicheka peke yangu mpaka watu wakageuka. So haikuwa mimi. Lakini nyanya hakuyajua hayo. Aliamini kabisa kwamba mmoja wetu lazima akauke, na akachagua.

Sasa ni miaka tisa natarmac, natembeza vyeti kutafuta kazi. "We regret to inform you" naijua kama Baba Yetu. Kirimi, form four failure, ndiye alirithi miraa yote iliyobaki, na pikapu yake hupiga honi langoni utadhani ni ya gavana. Desemba iliyopita alinikuta nachambua maharagwe, akaniuliza kama nimepata kitu. Nikamrukia. "Wewe ulipewa kila kitu, unaniuliza nini?"

Alichezea funguo za pikapu. "Kagendo, ile Jumamosi nilikuwa nyuma ya ghala, kando ya shamba. Nilisikia yote. Mti ambao mimi nilipendwa kwa ajili yake, shosho akaambia Mungu aukaushe kwa sababu yako." Akazitia funguo mfukoni. "Mimi hakuna mtu amewahi kuniombea hivyo. Nakuonea wivu mpaka leo."

Nikamsogezea ungo wa maharagwe.

Pikapu bado naitamani, sitaki kudanganya. Na kuna asubuhi barua ya kukataliwa inaingia kwenye simu na hofu ileile inaniambia: si uliambiwa utakauka? Siku kama hizo natafuta kile kiganja kichwani, naomba kwa maneno ya nyanya, kisha naamka naandika application nyingine. Mpaka leo sijakauka.

Siku hizi, kabla ya amina, namtaja na Kirimi. Shingo upande, lakini namtaja.