Boma Nililomjengea Mama

Mama alipokaribia kutimiza miaka sabini, ndugu zangu walikubaliana kumnunulia makochi. Mimi nilitaka kumpa kitu ambacho hakipatikani katika duka lolote mjini Kisii: nyumba yetu ya zamani ya Marani, ile ya udongo na mabati, ambayo kaka yangu aliibomoa alipomjengea mama ya mawe. Hakuna aliyekuwa ameipiga picha. Basi niliamua kuijenga upya, ndogo, ya kukaa juu ya kabati.

Kazi hiyo sikuisomea. Ninaishi Sironga, binti yangu yuko shule ya msingi, na walimu wa siku hizi hawachoki kuagiza vitu vya kutengeneza: leo volkano, kesho soko, keshokutwa zizi la ng'ombe. Wanaotengeneza ni wazazi. Mikono yangu ilikuwa imeshazoea katoni na gundi.

Seremala alinikatia kipande cha plaiwudi chenye ukubwa wa sinia. Juu yake nilipandisha mteremko kwa magazeti yaliyolowa gundi, maana kwetu hakuna mahali tambarare. Kuta nilizikata kwenye katoni ngumu, nikazipaka udongo mwekundu wa shambani. Mabati yalikuwa karatasi ya fedha ya kufungia chakula. Niliikunja mikunjo midogo midogo, kisha nikaipaka rangi ya kutu kwa ncha ya brashi. Kilichonisumbua ni chai iliyozunguka nyumba. Nilikata sponji ya kuoshea vyombo vipande vipande, nikaipaka kijani, ikaonekana kama sukumawiki. Nikarudia, ikawa nyeusi. Mara ya tatu nilipaka kijani kizito, nikaacha kikauke, halafu nikagusa juu tu kwa kijani chenye manjano, pale majani machanga yanapochumwa. Hapo nikaiona chai.

Mlango niliupaka buluu bila hata kufikiri. Jiko nililiweka upande wa juu wa nyumba, migomba ya karatasi upande wa chini, na nje ya jiko nikaweka jiwe bapa la kukalia. Nililikumbuka jiwe lile vizuri kuliko uso wa mwalimu wangu wa darasa la kwanza.

Nilimpigia kaka yangu simu kumwuliza madirisha ya mbele yalikuwa mangapi.

"Mawili," alisema. "Na mlango katikati."

"Huo nimeshaupaka. Buluu."

"Buluu gani? Dada, mlango wetu ulikuwa mbao tupu. Haujawahi kuona rangi."

"Wewe ulikuwa mdogo."

"Mdogo? Nimeishi katika nyumba ile mpaka nikaoa! Mimi mwenyewe ndiye niliyeung'oa mlango huo."

Nikamwuliza kuhusu jiko. Akasema lilikuwa chini, karibu na migomba. Nikamwuliza kuhusu jiwe. Akauliza, jiwe lipi?

Nilikata simu nikiwa nimeudhika, kisha nikaogopa. Nimemzidi umri kwa miaka miwili tu. Aliyoyaona yeye, mimi pia niliyaona. Nilifumba macho nikaitafuta nyumba yetu, na kila nilipofika mlangoni nilikuta buluu, imebanduka kidogo chini, na joto la jiwe kwenye mapaja yangu. Migomba nayo niliiona, lakini jiko halikuwepo pale. Siku iliyofuata niliupaka mlango rangi ya mbao. Niliuangalia, nikahisi ninamdanganya mama. Nikaurudishia buluu yake.

Jumapili tuliyomkusanyikia, baada ya maombi na chakula, wengine walipokuwa nje wakipanga makochi, niliiweka kazi yangu mezani mbele ya mama na kuifunua. Alivaa miwani yake. Alitabasamu kwa ile chai, akagusa mabati kwa kidole. Halafu tabasamu likaisha.

"Nani amekuambia habari za nyumba hii?" aliuliza kwa Kigusii, kwa sauti ya chini.

"Si ni yetu, mama?"

"Mteremko ni wetu. Migomba ni yetu. Nyumba ni ya mama yako mdogo, kule Nyamache."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Mama mdogo ni ndugu yake wa tumbo moja. Nilimjua kama mtu wa harusini na matangani, mama mkimya ambaye hunisalimia kwa mikono miwili na kuondoka haraka, kana kwamba nina deni lake au yeye ana langu.

"Uliishi kwake," mama alisema. "Alizika mtoto wake wa pekee, msichana wa rika lako. Alikuwa haongei, hali chakula. Mimi nilikuwa nawe, na mimba ya kaka yako. Nikampelekea wewe ukae naye, apate mtu wa kumlisha. Ulikuwa hujatimiza miaka miwili. Nilisema ni mwezi mmoja."

"Nikakaa muda gani?"

"Miaka minne."

"Na mbona ulinichukua?"

Mama alivua miwani. "Nilikuja siku moja na ndizi. Ukakimbilia ndani ukipiga kelele, 'Mama, kuna mgeni!' Mgeni ni mimi. Nilikubeba mgongoni siku hiyo hiyo. Ulilia mpaka Marani. Naye hakutoka nje kutuaga."

Sikujua nisikitike kwa niaba ya nani. Nilitaka kumkasirikia mama kwa kunitoa, kisha kwa kunirudisha, kisha kwa kunyamaza, na yote matatu hayakukaa pamoja kichwani. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema alingoja niulize.

"Mpelekee," aliongeza. "Mimi nitakaa kwenye makochi."

Nilienda Nyamache juma lililofuata, nimeipakata ile nyumba ndogo njia nzima. Mama mdogo anaishi sasa katika nyumba ya matofali. Nilimwambia nimemletea kitu, nikakifunua. Aliinama akakiangalia kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa.

"Jiko ni hapo hapo," alisema. "Lakini mlango haukuwa buluu. Ulikuwa kijani."

"Mama amesema ni wako."

"Ni wangu. Ila ulikuwa kijani. Buluu ilikuwa gauni lako."

Nikakaa kitako. Nyumba niliyoijenga ilikuwa na mteremko wa mama mmoja, jiko la mwingine, na mlango uliopakwa rangi ya nguo ya mtoto nisiyemkumbuka. Nilitaka kumwuliza kama lile gauni lilikuwa langu kweli, au la yule msichana aliyezikwa.

Alinipakulia ugali na chinsaga, mboga chungu ambayo yeye huilainisha kwa maziwa, akanitazama nikila bila yeye kula. Nilipomaliza nilitaka kumshukuru, na sikujua nimwite nani. Nilisema asante tu. Alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na safari hii hakuondoka. Mimi ndiye niliyetangulia kuuachia.