Nilivyoenda kuposa Kabambare, katiba ikataka kunirudisha na mbuzi wangu

Salamu wakuu, wenye mtandao mzuri na nyinyi munaopanda juu ya kichuguu kuutafuta.

Munanijua napenda kuongeza chumvi, sikatai. Leo chumvi nimeitia kwenye barabara na kwenye mbuzi tu. Maneno ya wazee nimeyaacha kama yalivyotoka kinywani.

Mimi ni mtu wa Kasongo, nauza vipuri vya moto, yaani pikipiki, karibu na soko. Diplome yangu ni ya shule ya jioni, niliisoma wakati nyinyi munakoroma, kwa hiyo naheshimiwa hata gizani.

Nilimpenda binti wa Kabambare, jina lake Furaha. Alikuja kwetu kusomea uuguzi. Siku moja moto iliyombeba ikakatika cheni mbele ya meza yangu. Ile cheni niliifunga polepole sana, mpaka jua lenyewe likachoka kutungojea.

Kwetu ni Waislamu tangu mababu. Kwao ni Wakatoliki. Watu wakanitisha kwamba dini itatushinda.

Wakuu, dini tuliimaliza kabla chai haijapoa. Kitu kilichotaka kuniua ni politiki.

Niwaeleze wazee wenyewe kwanza. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo aliyesimama kama baba ni mdogo wake, Baba Mudogo Ramazani. Huyu ni mpinzani mpaka kwenye mifupa. Serikali ikitangaza leo ni Jumatatu, yeye anaenda kuhakikisha kwa jirani.

Baba wa Furaha, Mzee Kitenge, ni wa upande wa serikali. Picha ya rais sebuleni kwake iko kubwa kuliko picha ya ndoa yake.

Na munajua habari iliyokuwa inachoma nchi nzima: katiba ibadilishwe au isibadilishwe, kiongozi apewe muda zaidi au aondoke muda ukiisha. Kwa habari hiyo, kwetu watu waliacha kupeana moto wa kuwasha jiko.

Sasa shikeni hii desturi, maana ndiyo iliyoniokoa. Siku ya posa, baba wa kijana na baba wa binti hawasemeshani. Kila mmoja ana musemaji wake. Baba anamwambia musemaji, musemaji anavusha neno upande wa pili. Hata kama magoti yenu yanagusana na kila mutu amesikia, bado linavushwa. Anayesema moja kwa moja anatozwa kuku.

Musemaji wetu alikuwa Mzee Amuri, muuza muchele wa sokoni. Ni mutu wa serikali, na kofia ya chama haivui ila wakati wa kuswali. Baba Mudogo alimchukua kwa sababu ya ulimi wake, hakuwaza kwamba politiki itaingia.

Musemaji wao alikuwa mujomba wa Furaha, Mwalimu Lukasi. Upande wake haujulikani mpaka leo. Ukimuuliza anajibu kwamba yuko upande wa mishahara kufika.

Basi tukaondoka, sisi kwenye moto, mbuzi wamefungwa nyuma. Ile barabara ya Kabambare ina mashimo ya kufugia samaki. Mbuzi mmoja alitoka Kasongo mweusi, akafika na mvi.

Tulipokewa vizuri. Mambo ya posa yakaenda sawa, Mwalimu Lukasi anavusha, Mzee Amuri anarudisha. Mimi nimekaa kwenye mkeka, naangalia chini kama desturi inavyotaka, lakini moyoni nacheza ngoma.

Likabaki neno la mwisho tu, baba kutamka kwamba binti ametolewa. Kabla ya hilo wanawake wakaleta chakula. Mutu mmoja wa nyumbani akawasha redio.

Redio ikaanza na katiba.

Baba Mudogo akafyonya. Si kwa nguvu, lakini ilisikika mpaka jikoni.

Mzee Kitenge akaweka tonge chini. Akasema, akimtazama usoni, kwamba watu wa Kasongo wanapinga hata mvua. Baba Mudogo akamjibu usoni vilevile kwamba heri kupinga mvua kuliko kushukuru fimbo.

Wakuu, yakatoka maneno ambayo hata kwenye uzi huu wasimamizi wangeyafuta. Mzee Kitenge akasema hawezi kumpeleka mutoto wake kwenye nyumba ya waasi. Baba Mudogo akasimama, akaniambia, "Funga mbuzi ku moto. Tunaenda."

Mimi nikasimama. Nikamuona Furaha mlangoni mwa jikoni, ameshika sahani. Nilijua nikifunga kamba ya wale mbuzi, nimefunga maisha yangu.

Ndipo Mzee Amuri, ambaye hakuacha kula, akanawa mikono, akasema taratibu, "Ramazani, kaa. Kikao hakiyafungwa. Weye na huyu baba mumesemeshana bila sisi. Kuku mmoja huku, kuku mmoja kule."

Baba Mudogo akasema hii si habari ya posa, ni ya politiki. Mwalimu Lukasi akadakia kwamba imesemwa ndani ya kikao, basi ni ya kikao. Na kama wana maneno, yapite kwa wenye kazi hiyo.

Mzee Kitenge ni mutu wa desturi kupita kiasi. Alinung'unika, lakini akakaa. Mwenzake alipokaa, Baba Mudogo akaona aibu kubaki amesimama kama mlingoti. Akakaa.

Akaanza yeye, kwa hasira. "Mwambie, wanaompenda huyo rais ni watu waliozoea kupiga magoti."

Kumbukeni ni nani anaambiwa. Mzee Amuri mwenyewe ni mmoja wa hao wa kupiga magoti. Akavua ile kofia, akaiweka kwenye paja, kisha akavusha:

"Baba wa kijana anasema, baba yake mzazi alitawaliwa na mutu mmoja tangu ujana mpaka uzee. Alikufa hajachagua mutu hata siku moja. Anasema, kiongozi akikaa sana anasahau kwamba kiti alipewa. Anaogopa watoto wa kijana huyu wazeeke vile."

Baba Mudogo akamnong'oneza kwamba hakusema hivyo.

"Uliniambia hivyo kwenye duka langu, mara nyingi, tukigombana," Mzee Amuri akajibu. "Hayo mengine uliyosema sasa ni hasira. Sikutumwa kuvusha hasira."

Nawaambia ukweli, sijawahi kusikia hoja ya upinzani ikisemwa vizuri namna ile, na aliyeisema ni mutu wa serikali.

Mzee Kitenge akasukuma sahani pembeni. Alipomwinamia Mwalimu Lukasi, sauti ilishashuka. Mwalimu akavusha:

"Baba wa binti anasema, yeye amekimbia vita hapa Kabambare na godoro kichwani mpaka amesahau ni mara ngapi. Furaha alizaliwa porini, bila mkunga. Anasema, mutu akimuahidi kulala bila kuvaa viatu, atamungojea, hata akikaa muda. Anaogopa kubadilisha tena, maana kila kubadilisha kulimkuta njiani."

Nikamtazama Baba Mudogo. Alikuwa anaangalia mkeka. Sijui kama alijua kwamba Furaha alizaliwa porini. Mimi mwenyewe sikujua.

Yakavushwa mengine mengi, chakula kikapoa. Msidhani walikubaliana. Hakuna aliyesogea hata kidole. Mwisho Mzee Kitenge akatuma neno moja:

"Muulize baba wa kijana. Kwa katiba hatupatani, na kesho hatutapatana. Lakini binti yangu atakuwa na mawazo yake kule, mengine yangu. Siku akisema kitu wasichokipenda, huyu baba atamusikiliza kama alivyonisikiliza miye leo?"

Baba Mudogo akamwinamia Mzee Amuri sikioni.

Mzee Amuri, ambaye kutwa nzima aliongeza na kupamba, safari hii hakupamba.

"Anasema ndiyo."

Mzee Kitenge akatamka neno lake, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikalia wazi kama mtoto aliyetahiriwa.

Tuliporudi, tukiwa tumesimama kupumzisha moto, nilimuuliza Mzee Amuri aliwezaje kubeba maneno anayoyachukia. Akaniambia alitumwa, na kuyabeba vibaya ingekuwa wizi. Nikamuuliza kama yalimbadilisha. Akasema hapana, bado ni wa serikali, ila sasa anajua vizuri kitu anachokataa.

Nilichojifunza wakuu ni hicho. Tunapigana humu jukwaani kila siku na maneno ambayo wenzetu hawakuyasema, au waliyasema kwa hasira. Kabla sijamjibu mutu sasa, najaribu kuyabeba yake kama ningekuwa musemaji wake. Nashindwa mara nyingi, maana ulimi wangu una haraka. Lakini najaribu, kwa sababu iko mutu nyumbani kwangu ambaye ndoa yake ilisimama juu ya ahadi hiyo, na juzi tu alituambia mezani jambo ambalo Baba Mudogo halipendi kabisa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

Wenye yenu yaliyowakuta ukweni, au na mutu wa upande wa pili, leteni hapa chini. Nasoma yote.