Jogoo wa Mjomba na Nzi Wangu wa Bandia

Jamani, leo nimemwaibisha mama mbele ya kaka yake, na sijafungua mdomo mpaka saa hii.

Mnajua kazi yangu hapa Malaba ni kufunga nzi wa bandia. Unazungushia ndoano uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu, halafu samaki trauti kule mito baridi ya Mlima Elgon anadanganyika, anauma.

Sasa asubuhi niliishiwa na manyoya mekundu. Nikamshika jogoo wa mama, nikang'oa unyoya mmoja wa shingo. Mfupi. Wa pili umepinda. Nikaendelea tu kung'oa nikichagua.

Kumbe mama alikuwa amemwekea mjomba!

Mjomba alikuja kutusalimia kutoka Tororo. Wakati wa kuaga, mama akamfunga jogoo miguu, akampa kwa mikono miwili, anatabasamu.

Mjomba akaona ile shingo tupu.

"Dada, huyu ana kideri. Mwache apone kwanza."

Tabasamu la mama likaisha. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Mjomba amevuka boda mikono mitupu.

Nzi mwenyewe ametoka mrembo, lakini hata picha siwezi kuwawekea. Nyinyi mngeanzia wapi kumwambia mama ukweli?

Maana mama yuko nje saa hii, amempakata jogoo mzima kabisa, anamnywesha maji ya pilipili.

Namsikia kwa dirisha: "Kunywa, baba. Kunywa upone, mjomba anakungoja."